Mwenye Nyumba Aliyepiga Hodi

Kila asubuhi Inspekta Anziza Madi alianza kazi kwa namna ileile. Alipita mlango wa nyuma, akajaza kahawa kwenye kikombe cha plastiki, akaegemea ukuta wa chumba cha mahabusu ya wageni, kisha akasoma kwa sauti majina ya watakaopandishwa meli ya saa kumi jioni kurudishwa Komoro. Aliyesikia jina lake aliinua mkono. Anziza aliweka alama, akanywa kahawa, akasoma lingine. Kazi yenyewe ilikuwa fupi, na harufu ya dawa ya choo ilimsaidia mtu asitamani kuirefusha.

Asubuhi hiyo hakufika katikati ya majina.

Mwanamke mmoja wa makamo, aliyekuwa ameketi pembeni kabisa, alisimama, akajifungua saluva aliyokuwa amejifunga kifuani, akabaki na shimizi. Aliikunja nguo ile taratibu, pembe juu ya pembe, akaenda kuiweka sakafuni karibu na mlango, kisha akaisukuma kwa ncha ya kidole cha mguu mpaka ikagusa ukuta. Ungedhani ni panya aliyekufa.

"Naomba mfuko wa taka," alimwambia askari wa zamu.

Askari alicheka. Wanawake wengine wawili nao walicheka, kisha wakaona uso wa mwenzao, wakanyamaza.

"Mama, chumba hiki kina baridi," Anziza alisema. "Vaa nguo yako."

"Si yangu."

"Ya nani?"

"Nipeni mfuko wa taka, mwanangu. Wowote ule, hata uliotumika. Nitatoboa pa kupitisha kichwa."

Anziza alivua sweta lake la kazi akampa. Halafu akainama akaiokota ile saluva. Ilikuwa mpya, bado ngumu kwa wanga wa dukani, ya kijani yenye maua ya manjano ya mlangilangi na pindo la rangi ya chungwa. Aliishika mkononi kwa muda. Kikombe cha kahawa kilipoa.

Aliwahi kuiona. Si nguo inayofanana nayo, kitambaa hichohicho. Alikwenda kwenye stoo ya mizigo iliyoachwa na waliosafirishwa haraka, akafungua mifuko mmoja baada ya mwingine, huku ameziba pua kwa kiwiko, maana ndani mlikuwa na mikate iliyoota ukungu na nepi ambazo hakuna aliyezitoa. Akapata saluva mbili zaidi. Kijani, mlangilangi, pindo la chungwa.

Hakuna mtoto wa Maore, yaani Mayotte, asiyejua maana yake. Kitambaa kimoja juu ya wanawake wengi ni sare ya harusi. Mwenye harusi huichagua, huigawa kwa mkono wake kwa ndugu, majirani na wanachama wa chama chake, na asiyehesabiwa miongoni mwao haivai. Lakini hawa watatu, kwa majina ya kwenye mifuko na orodha, walikuwa wageni kutoka kisiwa cha Ngazidja, waliokamatwa sokoni wiki tofauti, na hakuna aliyekuwa na ndugu wa kuozesha hapa Mayotte.

Alimwita yule mama kwenye chumba cha mahojiano. Jina lake lilikuwa Rahamata Youssoufa. Alijibu yote yaliyoandikwa na hakujibu lolote ambalo halikuandikwa. Alikuja kwa ndege, kwa viza ya siku thelathini, ili awepo bintiye atakapojifungua. Sheria ya wageni wa muda mfupi inamtaka mtu aonyeshe atalala wapi, atakula nini na ataondokaje, naye alionyesha vyote vitatu: hati ya mwenyeji yenye mhuri wa mji, fedha alizopewa na mwanawe wa kiume, na tiketi ya kurudi. Mwenyeji aliipokea pasi na ile tiketi siku ya kwanza, akasema atamhifadhia, maana siku hizi wezi ni wengi. Viza ilipokaribia kuisha aliambiwa asiwe na wasiwasi, ombi la kuongezewa muda limeshapelekwa na limekubaliwa.

"Nani alikwambia limekubaliwa?"

Rahamata alitazama mikono yake. Anziza naye aliitazama. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi kwa utomvu wa ndizi mbichi, weusi ule usiotoka hata kwa limau, na viganja vilikuwa na mikwaruzo ya magamba ya samaki, mingine mibichi, mingine imeanza kutunga usaha.

"Ulikuja kumwona binti au kumenya ndizi?"

"Nilisaidia kidogo."

"Kidogo cha namna hii?"

"Harusi zilikuwa nyingi."

"Mama, nani amekaa na pasi yako?"

Yule mama alivuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole. Aliposema tena, alisema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto mgumu.

"Binti yangu Faouzia amejifungua jana jioni. Mtoto wa kike, nimeambiwa kwa simu, sijamwona. Jana asubuhi nilikuwa natoka sokoni niende kwake hospitali mkanikamata. Faouzia anakaa kwenye kibanda cha mabati uani kwao. Uani kwao, unanielewa? Nikitaja jina, kesho anatoka hospitali na kichanga, analala wapi? Basi usiniulize."

Anziza hakumuuliza tena. Aliandika, akafunga faili. Mtu aliyezidisha siku za viza na kurudishwa kwa meli anawekewa alama, na alama hiyo haifutiki kirahisi; akiomba viza tena miaka ijayo, anajibiwa kabla hajaketi. Kwa mtoto aliyezaliwa jana, bibi huyu angekuwa sauti ya kwenye simu.

Kapteni Lacaze, mkuu wake, alikuwa akila mkate wa siagi juu ya meza ya kazi. Alimsikiliza bila kuacha kutafuna. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutoka Ufaransa aliyebakiza muda mfupi arudi kwao, na alitaka kurudi na takwimu nzuri. Aliivuta hati ya mwenyeji, makombo yakadondokea mhuri. Mwenyeji wa Rahamata alikuwa Abdou Chanfi, mstaafu, wa kijiji cha Mtsangadjou, mmiliki wa kiwanja na nyumba ya vyumba vitano. Wale wengine wawili wenye saluva, Anziza alimwonyesha, walipokewa na huyohuyo.

Lacaze alisema jambo liko wazi: mwenye nyumba ni mwanamume, mwenye saini ni mwanamume, basi mlete. Anziza akamkumbusha jambo lingine. Wote watatu walikamatwa kwa simu ya mtu asiyejitaja. Simu hizo alizipokea yeye mwenyewe. Mwanamume, sauti nzito yenye mikwaruzo, heshima tele. Salamu, Inspekta. Kesho asubuhi sokoni, mbele ya wauza nazi. Saluva mpya ya kijani yenye mlangilangi. Siku zake zimekwisha. Kisha huomba radhi kwa usumbufu na kukata.

"Na huwa namshukuru," Anziza alisema.

Lacaze aliacha kutafuna. Yule mpiga simu, alisema, ni rafiki wa ofisi hii. Anawapunguzia doria, anawapunguzia petroli. Asiguswe bila sababu. Kama Anziza anataka Rahamata asipande meli, alete malalamiko yaliyosainiwa na mtu mwenye jina na anwani, kabla ya saa kumi. Hisia za mtu juu ya kitambaa si malalamiko.

"Ndiyo, Kapteni," Anziza alijibu, kama anavyojibu siku zote.

Sajini Houlam ndiye aliyeendesha gari. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye wake wawili katika vijiji viwili na nguo katika nyumba zote mbili. Njiani alieleza mambo anayotaka kumfanyia Mzee Abdou Chanfi akimpata peke yake, na mengi yalihusu pilipili. Anziza alimwacha amalize, kisha akamuuliza kama siku ya harusi yake alizigusa sare.

"Mimi?" Houlam alicheka. "Ile ya kwanza nilikosea mlango nikaingia chumba zilimokuwa. Mama yangu mkwe alinitoa kwa mwiko. Ile ya pili nilikuwa nishapata akili. Sare ni ya wanawake, Inspekta. Mwanamume anaiona siku anayoiona kila mtu."

"Basi kama mpiga simu ni huyo mzee, aliijuaje sare siku moja kabla, mwanamke hajatoka nayo nyumbani?"

Houlam akabadilisha gia.

Mtsangadjou walimuuliza muuza pilipili aliyekaa chini ya paa la duka nyumba ya Abdou Chanfi iko wapi. Alimtazama Houlam kama aliyeulizwa kuku ana meno mangapi.

"Abdou amepata nyumba? Tangu lini? Kama mnamtaka Abdou mtamkuta barazani kwa Bweni Zalihata, yule bibi mpishi, pale penye masufuria. Yuko pale kutwa, utadhani anauza."

Masufuria yalionekana tangu barabarani, makubwa ya kupikia harusi, yamepangwa juu ya ukuta kukaushwa. Chini yake mtaro ulikuwa umejaa maganda ya ndizi na matumbo ya samaki, na nzi waliinuka kwa pamoja Anziza alipouruka. Nyumba yenyewe ilikuwa safi, ya vigae vyekundu, mlango umewekwa pazia jeupe la kufuma. Barazani, kwenye ukingo wa benchi, aliketi mzee mrefu mwembamba aliyevaa kofia iliyofuliwa sana. Kandambili zake alikuwa amezivua chini, kwenye ngazi, mahali wanapovulia viatu wageni. Kikombe chake kilikuwa na kisosi na kijiko.

Bweni Zalihata alitoka kabla hawajapiga hodi. Alikuwa mama wa kuvutia, mwenye mwili, uso wote umepakwa liwa ya manjano iliyokauka vizuri. Aliwakaribisha kama jamaa. Akamuuliza Anziza yeye ni wa nani, akamkumbuka bibi yake, akamsifu marehemu, akaleta chai ya mchaichai na vitumbua, akamketisha Houlam kivulini. Yeye mwenyewe alikunywa katika bilauri isiyo na mshikio, akiwa ameiegemeza magotini.

"Rahamata?" alisema kwa masikitiko. "Maskini. Mgeni wetu yule, tumempenda kama ndugu. Mimi mambo ya karatasi siyajui, mwanangu. Mimi ni mpishi tu. Mwenye nyumba huyu hapa, muulizeni."

Mzee Abdou aliulizwa. Alijibu kwa mpangilio, kama anayesoma ubaoni. Ndiyo, alimpokea. Ndiyo, saini ni yake. Hapana, hajui kama siku zilizidi. Hapana, hakumfanyisha kazi mtu, wageni walijitolea. Sauti ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo. Houlam aliacha kitumbua hewani akamtazama Anziza. Anziza aliinamisha macho kumwambia asubiri.

Ingetosha kumfunga pingu pale pale na kumpeleka. Lacaze angefurahi. Lakini Anziza alikuwa akitazama mahali alipoketi yule mzee. Kutoka kwenye benchi lile jiko la uani halikuonekana. Ukuta wa nyumba ulilikinga. Tangu walipofika, chai ilipokwisha hakuinuka kujiongezea. Alipotaka sukari alisubiri mpaka aletewe. Na kila alipomaliza jibu, macho yake yalikwenda kwenye ule uso wa liwa.

"Mzee, pasi ya Rahamata iko wapi?"

"Ndani."

"Na tiketi?"

"Ndani."

"Hii nyumba ni yako?"

"Ni yangu. Hati mmeiona."

"Vizuri. Mimi siruhusiwi kuingia bila karatasi ya hakimu. Lakini wewe ni kwako. Ingia uniletee."

Mzee Abdou aliinuka. Alitembea hatua chache mpaka mlangoni, akasimama vidole vya miguu vikigusa kizingiti. Pazia lilipepea likamgusa goti. Alisafisha koo.

"Hodi," alisema kwa sauti ya chini.

Houlam aliweka kikombe chini.

Katika Maore nzima nyumba ni ya mke, na mwanamume hata awe fukara vipi, akishaingia humo siku ya harusi, anaingia na kutoka bila kubisha mpaka siku ya talaka anayotolewa sanduku lake. Baada ya hapo kizingiti kile kinakuwa cha watu wengine. Jirani aliyekuwa akifagia ng'ambo ya ukuta alisimamisha ufagio.

Bweni Zalihata alikuwa amekaa vilevile, bilauri gotini. Neno moja tu lilihitajika, naye alilijua, na kila mtu pale barazani alijua kwamba anayelitamka ndiye mwenye nyumba. Liwa ilianza kupasuka pembeni mwa midomo yake.

"Hodi, Zalihata," mzee alirudia.

Anziza alisubiri. Nzi mmoja alitua kwenye kitumbua chake, akatembea juu ya mafuta, wala hakumfukuza.

Mzee Abdou aligeuka. Alionekana mfupi kuliko alipokuwa ameketi.

"Mwanangu," alisema, "niandike mimi, nimekosa. Lakini hapa siwezi kuingia. Si kwangu."

Alieleza akiwa amesimama. Waliachana mwaka juzi. Sanduku lake lilitolewa barazani yeye akiwa msikitini. Hati ya kiwanja ilikuwa na jina lake kwa sababu watu wa serikali walipokuja kupima ardhi walimtaka mwanamume wa nyumba, na siku hiyo alikuwa bado yupo. Zalihata alimwita baadaye akamwonyesha matumizi ya jina hilo. Yeye asaini kupokea wageni. Wageni wafanye kazi za msimu wa harusi, kumenya, kuparua samaki, kusugua masufuria. Siku zao zikiisha waambiwe zimeongezwa. Na msimu ukipungua, waondolewe. Pasi zao hukaa katika sanduku la vitambaa, chumbani. Maneno ya kusema kwenye simu aliambiwa kupitia dirisha hili: sokoni wapi, saa ngapi, amevaa nini.

"Nawe ukapiga."

"Nikapiga."

"Kwa nini, mzee?"

"Alisema msimu ukiisha sanduku langu litarudi ndani." Alivua kofia akaikunja. "Nalala stoo kwa mpwa wangu, juu ya magunia ya mchele. Panya wananipita usoni."

Houlam alikuwa akiandika.

Bweni Zalihata alicheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye mgonjwa nyumbani. Akasema mzee amechanganyikiwa tangu talaka, kila mtu kijijini anajua. Yeye ni mpishi. Nyumba ni ya Abdou kwa hati na kwa mhuri, wageni ni wa Abdou, simu ni ya Abdou. Yeye anakaa hapa kwa hisani yake tu. Waandike hivyo.

Anziza aliona kwenye saa ya Houlam kwamba saa kumi inakaribia. Alitazama kile kibanda cha mabati, ambacho ncha yake ilionekana kupitia kichochoro. Maneno ya mzee yalikuwa maneno ya mtu mmoja, na wakili yeyote angeyasukuma kando kwa kidole.

"Sawa," alisema. "Kama nyumba ni ya Mzee Abdou, basi nitamuomba yeye. Mzee, yule Faouzia aliyejifungua, unamruhusu aendelee kukaa uani kwako na mtoto wake?"

Mzee alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa.

"Namruhusu."

"Na mama yake akitoka mahabusu?"

"Naye. Wakae nyumba kubwa. Chumba cha mbele kina dirisha."

"Chumba cha nani?" Bweni Zalihata aliinuka. Bilauri ilianguka ikaviringika mpaka kwenye ngazi. "Chumba cha mbele cha nani, Abdou? Nyumba hii alinijengea baba yangu, tofali kwa tofali, kabla hujajua kunyoa ndevu! Uliingia humu na sanduku moja, ukatoka na sanduku moja. Leo unagawa vyumba?"

"Andika, Houlam," Anziza alisema.

"Naandika. Tofali kwa tofali."

Kwenye ukuta vilikuwa vimejitokeza vichwa vitatu vya majirani, na hakuna hata kimoja kilichojificha. Bweni Zalihata aliviona. Alijua amesema nini, akajua pia kwamba hawezi kulirudisha neno lile mbele yao. Kwa mwanamke wa hapa, kuikana nyumba yake mara ya pili mbele ya majirani kungekuwa kibaya kuliko jela. Aliketi tena, akajipangusa vumbi la liwa kifuani.

Anziza alimuuliza jambo moja. Kwa nini sare? Mtu anayeuza mwenzake kwa polisi angempa hata gauni kuukuu. Wale wanawake walifurahi kupewa nguo ile; Rahamata alidhani amehesabiwa ndugu, mpaka askari walipomtambua kwa nguo yake.

Bweni Zalihata alimtazama kwa mara ya kwanza bila tabasamu.

"Kwa sababu tunafanana nao, mwanangu. Sura moja, lugha moja, hata tembea yetu. Bila alama mngekosea, mkachukua wa kwetu. Nilikuwa na vitambaa vimebaki kwenye harusi ya mwanangu. Ningevitupa?"

Anziza alimwaga chai yake mtaroni, juu ya matumbo ya samaki. Hakuwa amekunywa zaidi ya funda moja, lakini alitema mate mara mbili, na bado mdomo ulikuwa na ladha ya mchaichai.

Houlam alibaki mlangoni kulinda mpaka karatasi ya hakimu ifike. Mzee Abdou alisaini maelezo yake juu ya benchi, jina na anwani, anwani ikiwa stoo ya mpwa wake. Anziza alipiga picha kurasa zote, akazituma, kisha akaenda kusimama kando ya gari na kupiga simu.

Lacaze alichelewa kupokea. Alikuwa amezisoma. Alikiri, kwa sauti ya mtu aliyekatizwa chakula, kwamba yanatosha. Rahamata Youssoufa ameondolewa kwenye orodha. Walimtoa kwenye mstari wa meli akiwa ameshafika ngazini, na sasa askari wawili wanampeleka wodi ya wazazi. Aligoma kurudisha sweta. Wale wengine wawili walioondoka, wataandikiwa ubalozini, ingawa asitegemee mengi.

Anziza alishukuru. Alikuwa karibu kukata.

"Ila kuna jambo la ripoti," Lacaze alisema. Alikuwa ameanza tena kutafuna kitu. Ingefaa, alieleza, ripoti ianzie kwenye hati ya mwenyeji. Zile simu zisiingizwe. Hazina rekodi, hazibadilishi kosa, na zitawafanya watu wa juu waulize ofisi ilikuwa ikipata wapi takwimu zake. Isitoshe ni hasara, alisema. Mpiga simu mzuri kama yule hapatikani kila siku. "Tumeelewana, Anziza?"

"Ndiyo, Kap—" alianza kwa mazoea.

Ng'ambo ya barabara nzi walikuwa wamerudi mtaroni, wametulia. Anziza aliwapa mgongo.

"Hapana, Kapteni," alisema. "Nitaziandika zote, na jina la aliyezipokea, ambalo ni langu. Bweni Zalihata alikula nyama, mifupa akaitupa nje, na kila alipotuita tulikwenda kuizoa, kisha tukamwambia asante. Hakuwa rafiki wa ofisi. Sisi ndio tuliokuwa wafanyakazi wake, mimi na wewe, na hatukuhitaji hata kupewa sare."